Kunde Hainuki Hadi Aitikiwe

Ilianza Jumamosi ya pili ya Oktoba 2017, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyuma ya nyumba ya Miss Loretta, Grand Prairie, Texas. Dakika nazijua kwa sababu niliziandika. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na daftari ndilo pekee nililokuwa naongea nalo kwa kirefu.

Sasa nina kumi na sita na nimestaafu. Msicheke. Nimefanya kazi moja miaka miwili na miezi mitatu, kazi ya kumwongoza mbwa wa maonyesho ulingoni, na nimeiacha kwa hiari yangu, viungo vyote salama isipokuwa kidole gumba cha kushoto ambacho bado kina alama ya kamba. Nawaandikia wadogo zangu kwa sababu tangu tufungiwe ndani mwezi wa tatu, kila mtoto wa Kitanzania kuanzia Irving hadi Fort Worth anamwomba mama yake mbwa. Mama zenu wanampigia mama yangu simu, Mama ananipa simu mimi, na mimi simu siiwezi. Bora niandike. Mkitaka mbwa wa kawaida, sawa. Mkitaka mbwa wa maonyesho, sawa. Mkitaka mbwa mmoja awe vyote viwili, kaeni chini kwanza.

Miss Loretta ni jirani yetu wa nyuma, tunapakana uzio. Aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo alikuwa anafuga mbwa aina ya basenji na kuwapeleka kwenye maonyesho. Siku moja alianguka kwenye ngazi akisafisha mifereji ya paa. Mama yangu ni nesi, ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari akitoka kazini na sare zake za zambarau. Alisikia kelele, akapita kwenye ubao uliolegea wa uzio, akamfunga goti kwa taulo na mwiko. Goti lilipona nusu. Miss Loretta akatuita tuchague mtoto wa mbwa.

Sisi hatukuchagua. Saa nne na dakika kumi mmoja alitoka kwenye kundi, akaja, akanikalia kiatu. Alikuwa na wiki tisa, rangi ya maji ya kunde, mkia umejikunja kama kipande cha kalmati, na paji la uso lina mikunjo kama mzee anayesoma maelekezo ya dawa bila miwani.

"Huyo ndiye bora kuliko wote," alisema Miss Loretta, na hakufurahi. "Huyo nilitaka kubaki naye."

Ndipo akaleta karatasi. Masharti yalikuwa hivi: mbwa atalala kwetu, atakuwa wa watoto, lakini kwenye cheti atakuwa wetu na wake kwa pamoja mpaka awe bingwa. Ubingwa ni pointi kumi na tano, unazichuma ulingoni onyesho baada ya onyesho. Akizipata kabla hajatimiza miaka miwili na nusu, anakuwa wetu moja kwa moja. Asipozipata, anarudi kwa Miss Loretta, naye atamtafutia nyumba itakayomfikisha.

"Na nani atakimbia naye ulingoni?" Mama aliuliza.

Miss Loretta alitazama goti lake. Mama alitazama saa yake. Halafu wote wawili wakanitazama mimi, nikiwa nimesimama kimya na mbwa juu ya kiatu.

"Mwalimu wake kasema haongei darasani," Mama alisema. "Huku si ndiyo mnatibu aibu kwa mbwa?"

Akasaini.

Bibi, mama yake Mama, anakaa nasi. Ametoka Usangi, anajua kila kitu, na siku hiyo alikuwa jikoni anasubiri kuambiwa.

"Ni mbwa wa aina gani huyo?"

"Basenji, Bibi. Asili yao Kongo."

"Ba nani?"

"Basenji."

Aliweka mwiko chini. "Naki, mjukuu wangu. Rudia polepole."

"Ba-se-nji."

"Wa-she-nzi," Bibi alisema. "Mtu aliulizwa kule msituni hawa mbwa ni wa nani, akajibu wa washenzi, mzungu akaandika."

Mama alimwambia asiseme vitu vya ajabu mbele ya watoto. Mimi nikaenda kutafuta kwenye kompyuta, na nawaambia wadogo zangu, wengi wanaoeleza jina hilo wanaeleza alivyoeleza Bibi. Nyumbani mbwa shenzi ni mbwa koko, asiye na baba anayejulikana. Hapa tulikuwa na shenzi mwenye cheti cha ukoo, babu zake wameandikwa majina mpaka kizazi cha tano. Jina lake mwenyewe kwenye cheti lilikuwa maneno saba ya Kiingereza yenye ngurumo na almasi ndani yake. Sisi tulimwita Kunde.

"Basi sawa," Bibi alisema, akimtazama Kunde anavyojilamba makucha kama paka. "Kama ni mshenzi na anaingia ndani, atafundishwa adabu. Mimi nimelea saba."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila hatukujua kwa miaka miwili.

Nianze na kamba, maana mtaniuliza. Kamba ya ulingoni ni nyembamba kama utepe na unaishika mkono wa kushoto, ile inayobaki umeikunja ndani ya kiganja isionekane. Wiki ya kwanza Miss Loretta alinisimamisha uani kwake, akanitazama nikizunguka na Kunde, akasema, "Una tatizo gani na mbwa wangu?"

"Sina."

"Mbona unamwogopesha?"

"Simwogopeshi."

"Mkono wako unatetemeka. Woga unashuka na kamba kama maji na bomba. Wewe unaogopa watu, na yeye anadhani kuna chui."

Dawa yake ilikuwa kunifanya niimbe kimoyomoyo. Niliimba mapambio ya kwaya, na mpaka leo Kunde anatembea kwa mwendo wa mapambio ya kwaya. Majaji wengi walisifia mwendo ule.

Kosa langu la kwanza lilikuwa nguo. Onyesho la kwanza lilikuwa Fort Worth, nikavaa suti ya Mama ya kahawia, nzuri, ya kitambaa kizito. Nikasimama nyuma ya mbwa wa kahawia. Miss Loretta aliniambia baadaye kwamba kutoka alipokaa aliona msichana mwenye miguu sita. Usivae rangi ya mbwa wako. Bibi alinishonea sketi ya kitenge cha buluu yenye mfuko mkubwa pembeni, na hiyo ndiyo niliyofanyia kazi hadi kustaafu.

Mfuko ni wa maini. Unachemsha maini, unayakausha kwenye oveni, unayakata vipande vidogo kama punje za mahindi, unamwonyesha mbwa ili masikio yasimame na macho yang'ae. Usiweke kitunguu wala kitunguu saumu, vinamdhuru mbwa. Bibi aliviweka mara ya kwanza, pamoja na tangawizi na limao, akasema maini bila viungo ni adhabu. Yale tulikula sisi. Na kuna jambo hamtaamini: waongozaji wakongwe wanayaweka maini mdomoni mwao wenyewe, ili mikono ibaki huru. Nikaiga. Jaji wa Fort Worth akanigeukia ghafla, akaniuliza mbwa ana umri gani. Mdomo umejaa. Kutema mbele ya mtu mzima sikuweza, nimelelewa. Nikameza yote, nikasema "miezi saba" kwa sauti ya mtu anayezama. Kunde aliona chakula chake kikishuka kwenye koo langu, na hakunitazama tena mpaka tukafika nyumbani.

Sasa hili la vyote viwili. Mbwa wa maonyesho ana uzito wake, kucha zake zinakatwa kila wiki, hapewi chakula cha mezani. Mbwa wa nyumbani ana Bibi. Tulikubaliana na Miss Loretta kwamba Kunde hatapewa chakula cha binadamu, na Bibi alikubali kwa kichwa. Baada ya mwezi Miss Loretta alimpapasa mbavu, akatafuta, akapapasa tena.

"Anakula nini huyu?"

Bibi alikuwa kwenye kochi. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Anasemaje?"

"Anauliza Kunde anakula nini."

"Mwambie ukoko ni sehemu ya sufuria, si chakula."

Nikamgeukia Miss Loretta, nikasema, "Bibi anasema labda ni homoni." Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa kazi yangu, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimemwambia mtu asiye wa kwetu mwaka ule.

Jambo jingine, dume wa maonyesho hahasiwi, na jaji lazima ahakikishe kwa mkono kwamba vyote viwili vipo. Kwa hiyo mbwa azoeshwe. Miss Loretta alikuja kumzoesha sebuleni, juu ya meza ya kahawa, kwenye kitambaa cha kufuma cha Mama, siku ambayo wanajumuiya walikuwa wamekuja kusali. Vikombe vilisimama njiani kabla ya kufika midomoni.

"Anatafuta nini huyu mama?" mmoja alinong'ona.

"Anahakikisha," Bibi alisema, akiendelea kumimina chai. "Ameshahakikisha mara tatu. Nadhani bado haamini."

Nirudi kwenye adabu. Bibi alimfundisha Kunde shikamoo.

Alifanya kama wanavyofanyiwa watoto nyumbani. Mtu akiingia na mtoto amezubaa, mkubwa anamkumbusha kwa kulitamka lile neno mwenyewe: "Shikamoo!" Bibi alisimama mbele ya Kunde na ukoko mkononi, akasema "Shikamoo," akamshusha kifua taratibu mpaka viwiko vikagusa zulia na kichwa kikalala katikati ya mikono, makalio juu. Akamwacha hivyo. Akasubiri. Kisha akasema "Marahaba," akampa ukoko, na Kunde akainuka. Basenji habweki, hilo mjue, lakini akiona anachokipenda sana anaimba, sauti inapanda na kushuka, aaa-ruuu-aba. Siku ile aliimba.

Baada ya wiki mbili hakuhitaji kushikwa. Ukisema shikamoo, anashuka. Na hainuki mpaka yule aliyemtamkia aitikie mwenyewe. Nilijaribu siku moja kuitikia kwa niaba ya Bibi nikiwa pembeni. Kunde alinitazama kwa jicho moja, kama anavyotazamwa mtu anayejipenyeza kwenye foleni.

Mama Zuhura, rafiki wa Mama kutoka Irving, ni Mwislamu na anatunza udhu wake, hivyo akija Kunde anawekwa nyuma ya kigeti cha jikoni. Wakakubaliana vizuri kuliko watu wote. Mama Zuhura anasimama mlangoni, "Shikamoo wewe!" Kunde anashuka kule kule. "Marahaba, baki huko huko." Kila mtu kwake.

Lakini mchungaji alipokuja ilikuwa balaa dogo. Aliingia akamwamkia Bibi, "Shikamoo mama," Bibi akaitikia, tukaenda wote mezani. Pilau likaliwa, tukasali, tukacheka. Anna, mdogo wangu, ndiye aliyeuliza, "Kunde yuko wapi?" Alikuwa bado mlangoni, kifua chini, makalio juu. Shikamoo aliisikia kwa mchungaji, na mchungaji hakumwitikia. Ilibidi mchungaji arudi mlangoni na leso yake shingoni amwambie mbwa marahaba.

Tulicheka mpaka machozi. Ningekuwa na akili ningelia, maana ulingoni mbwa akishusha kifua mbele ya jaji anaonekana hana miguu. Miss Loretta hatukumwambia. Tulikuwa tumeshamficha ukoko, tukaona adabu nayo ikae huko huko.

Twendeni Houston.

Januari 2020 Kunde alikuwa na pointi kumi na mbili. Zilibaki tatu, na zile tatu ziliweza kupatikana kwa ushindi mmoja mkubwa, mahali penye mbwa wengi. Mwezi uliofuata angetimiza miaka miwili na nusu. Hakukuwa na onyesho jingine la kutosha kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, Jumapili ile ya Houston akishinda ni wetu, akishindwa anafungasha blanketi lake.

Anna alikuwa ameshaandaa mpango wa kumficha kabatini. Mama alikuwa anasafisha friji iliyokuwa safi. Mimi niliandika kwenye daftari ukurasa mzima wenye sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa "asiende."

Tuliondoka Grand Prairie kabla ya jua, barabara ya 45 moja kwa moja kusini, Mama ana-drive, Bibi mbele na rosti ya kuku kwenye hotipoti, Anna na mimi nyuma, Kunde katikati yetu kwenye sanduku lake. Miss Loretta alikuwa ametangulia tangu juzi yake. Ukumbi wa Houston ni mkubwa mpaka una hali yake ya hewa. Kuna watu wanapuliza manyoya ya mbwa kwa mashine, kuna mbwa wamefungwa vibanio vya nywele, kuna mwanamume mzima anampigia magoti mbwa mdogo kuliko mkoba. Bibi alipita katikati na kitenge chake, akisema "poleni na kazi" kulia na kushoto.

"Usinitazame mimi," Miss Loretta aliniambia langoni mwa ulingo. Alikuwa ameshika kitabu cha ratiba kwa mikono miwili. "Usimtazame bibi yako. Mtazame mbwa."

Madume tulikuwa tisa. Wanane waliongozwa na watu wazima ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Jaji alikuwa mzee mrefu wa Texas, mwenye tai ya kamba na pipi ya mnanaa shavuni, anaongea kama mtu asiyetaka maneno yatoke yote. Alimpima Kunde mezani, meno, mabega, akahakikisha. Kunde alisimama kama sanamu, alishazoea. Jaji alituambia twende mpaka mwisho na kurudi. Nikaimba pambio kimoyomoyo. Kunde hajawahi kutembea vile, wadogo zangu. Alikuwa kama maji yanayopita kwenye sakafu.

Tukarudi, tukasimama mbele ya jaji. Hapo mbwa anatakiwa asimame mwenyewe, anyanyue shingo, asimamishe masikio, aonyeshe uso. Kunde alionyesha kidogo. Jaji aliinama, akahamisha pipi kwenda shavu la pili, akataka aonyeshe zaidi. Na kwa Kiingereza hayo ni maneno matatu.

"Show me more."

Yasemeni kwa sauti. Sasa yasemeni kizee, kwa mdomo wa Texas, pipi shavuni.

Shomimoo.

Kunde alishuka. Viwiko kwenye zulia, kichwa katikati ya mikono, makalio juu, mkia umekaa kama ua juu ya keki. Heshima iliyokamilika.

Jaji alimtazama. Nami nilimtazama. Nilivuta kamba kidogo, akabaki. Nikatoa ini, nikalipitisha puani kwake, akafumba macho ili asilione. Nje ya ulingo nilisikia sauti naijua.

"Marahaba!" Bibi aliita. "Marahaba, Kunde! Marahaba!"

Msimamizi wa ulingo akamgeukia Bibi na kidole mdomoni, maana watu wa nje hawaruhusiwi kumwita mbwa. Wala haikusaidia. Si Bibi aliyemtamkia. Kunde alikuwa anamsubiri mwenyewe.

Kila mbwa ana kama dakika mbili tu za jaji. Miss Loretta alikuwa ameshajifunika uso kwa kitabu cha ratiba. Mwongozaji wa nyuma yangu akakohoa. Nikaona blanketi la Kunde limekunjwa. Nikaona kiatu changu hakina mtu juu yake.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimewaambia majaji "ndiyo bwana" na "hapana bibi" na ule umri wa mbwa niliomeza nao maini. Nilifungua mdomo.

"Anakusalimia," nilisema.

"Nini?"

"Anakusalimia, bwana. Wewe ni mkubwa. Ndivyo Bibi alivyomfundisha. Hainuki mpaka umjibu."

Mzee alinigeuzia sikio. Niliona ulingo mzima umetugeukia, na ulingo wa jirani pia, wenye mbwa aina ya pudo.

"Nimjibu nini?"

"Marahaba."

"Mara-hapa."

Sikio moja la Kunde lilicheza, likatulia.

"Si hapa. Haba. Ma-ra-ha-ba."

"Mara-hubba."

"Haba, bwana! Toa pipi!"

Naapa nilisema hivyo. Mimi Nakijwa, ambaye huagiza chakula kwa kunyoosha kidole. Bibi huko nje alisema "Ee Mungu," na jaji, mzee wa watu, akatoa pipi shavuni, akaifunga kwenye leso, akainama mikono magotini mbele ya mbwa, akasema polepole, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Marahaba."

Kunde aliinuka. Na mnajua baada ya marahaba huwa kinakuja nini. Ukoko. Alimtazama yule mzee kwa imani yote aliyonayo mbwa duniani. Shingo ikapanda, masikio yakasimama kama mabua, paji la uso likajikunja mikunjo yote, uzito mbele, mkia umebana. Hakuna maini yaliyowahi kumtoa uso ule. Jaji alikuwa ameomba zaidi, akapewa.

Alinyooka taratibu. Hakucheka. Akatuzungusha wote mara moja, akatembea mbele ya mstari, akarudi, akanyoosha kidole kwetu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila daftari linasema nilisema "shikamoo" kwa jaji badala ya asante, na Kunde akashuka tena, na ilibidi nimwitikie mbio mbio tupishe wengine.

Nyuma ya ukumbi, kwenye maegesho, Miss Loretta aliniomba lile jambo nililoliogopa kuliko yote. Alikuwa amemshika Kunde kidevu.

"Huyu anaweza kufika mbali sana, Naki. Nina mtu wa kazi hii, anazunguka majimbo yote. Akae naye mwaka mmoja tu. Atarudi na jina."

Mama alinitazama. Hakunisaidia, na sasa namshukuru.

"Jina analo," nilisema. Sauti bado ilikuwa wazi kutoka ulingoni, nikaitumia kabla haijafungwa. "Amestaafu. Na mimi nimestaafu."

Miss Loretta aliachia kidevu cha Kunde. Yule mbwa alikuwa bora kuliko wote aliowahi kuzalisha, na ndiye aliyetaka kubaki naye tangu ile saa nne na dakika kumi. Kisha akaweka karatasi juu ya boneti ya gari letu, akatafuta kalamu, akasaini mahali pake, akaipangusa karatasi kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi mpeni hayo makoko yenu ya wali," alisema. "Mnadhani sikuyajua? Mbwa alikuwa ananuka karafuu."

Nilimtafsiria Bibi. Bibi akampakulia rosti, mapaja mawili, akamsimamia mpaka akamaliza.

Tukiwa njiani kurudi, Anna alikuwa anafanya hesabu kwa vidole. "Mwaka mmoja wa binadamu ni saba ya mbwa, si ndiyo? Ana miwili na miezi mitano. Ni kama kumi na saba." Akanigeukia. "Naki, Kunde ni mkubwa wako!"

Bibi mbele alikuwa anasinzia. Akafumbua macho.

"Ee?"

"Na mimi nina minane. Ni mkubwa wetu wote, Bibi."

Bibi alirudia hesabu ile kwa vidole vyake mwenyewe, mara mbili.

"Kumbe tumekuwa tukimlazimisha mtu mzima kuwaamkia watoto," Bibi alisema hatimaye, na hakutania.

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, niliamka kabla ya wote. Nilikwangua sufuria ya wali, nikaweka ukoko wote kwenye bakuli la Kunde, wazi, bila kujificha. Bibi aliingia akaketi na chai yake. Kunde alilitazama bakuli, hakuligusa, akanitazama mimi. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na sare za shule, nikaweka viwiko chini, kichwa katikati ya mikono.

"Shikamoo, Kunde."

Bila shaka alilisikia neno, na yeye akashuka. Tukawa tumeinamiana, pua kwa pua, makalio juu, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mama alipita na sare zake za zambarau, akaturuka, akasema amechelewa na hataki kujua.

"Marahaba, wote wawili," Bibi alisema.

Kunde hakuinuka, maana si Bibi aliyemtamkia. Nami sikuinuka, maana si Bibi niliyemwamkia. Basi la shule lilisikika likikata kona. Nikabaki pale pale. Kisha harufu ya ukoko ikamzidi nguvu, akanyanyua kidevu kidogo tu, akafungua mdomo.

"Aaa-ruuu-aba."

"Haya," Bibi alisema. "Kaitikia."

Nikainuka. Nikamwitikia na yeye, akainuka, tukagawana ukoko.